Filamu ya Mama Cabrini: tuionyeshe parokiani Kigoma au tuache? Wenye kuijua naomba msaada

BintiKatubuka aliandika:

Tumsifu Yesu Kristo wakuu, na ndugu zangu Waislamu asalaam aleykum, maana humu tuko mchanganyiko.

Iko hivi. Mimi ni katibu wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, kwenye parokia moja hapa Kigoma mjini. Tunataka Jumapili iliyo karibu na tarehe 13 Novemba tuonyeshe filamu kwenye ukumbi wa parokia, vijana pamoja na kina mama wa WAWATA, na tukaweka mezani ile inayoitwa Cabrini iliyotoka 2024, ya yule sista wa Italia aliyeenda New York mwaka 1889 kuhudumia wahamiaji wenzake waliokuwa wanaishi kama hawana mwenyewe kule mitaa ya Five Points. Nimeiangalia yote karibu masaa mawili na nusu na nikairudia tena na mdogo wangu. Yule dada aliyeigiza, Cristiana Dell'Anna, ana macho yanaongea kabla hajafungua mdomo, na kile kikohozi chake kinakufanya uwe unahesabu pumzi nae.

Sasa kamati imegawanyika kabisa. Mzee mmoja anasema filamu nzima sista anagombana na wanaume tu, askofu mkuu, meya, maseneta, na sala zenyewe ni za kutafuta, kwahiyo tutawafundisha mabinti kubishana na viongozi. Mama mmoja yeye tatizo lake ni yule binti Vittoria anayetoka kwenye danguro, anasema watoto watauliza maswali. Mwingine anasema ni stori ya kutungwa ile, watu wa sinema wameongeza chumvi. Mimi naona ni filamu ambayo mkoa wetu hasa ndo unapaswa kuiangalia, sisi ambao wageni wanashuka kwenye maboti pale Kibirizi kila wiki na wengine wamezeeka kambini, lakini siwezi kusimama mbele ya Paroko nikasema "naona tu".

Kwahiyo wenye kuijua historia yake naomba mniambie kipi ni kweli na kipi kimetungwa, na nyie mnaionaje, inafaa? Afu kuna shida ya lugha, ni Kiingereza na Kiitaliano mwanzo mwisho, hamna Kiswahili.


MwalimuKasulu alijibu:

Milele amina dada. Ngoja nikujibu kwa kirefu maana huyu mama nimemsoma miaka na nafundisha historia, na swali lako la kweli na uongo ni zuri, Paroko lazima atakuuliza.

Vya kweli ni vingi kuliko wajumbe wako wanavyodhani. Alizaliwa 15 Julai 1850 kule Sant'Angelo Lodigiano, Lombardia, kabla ya miezi yake kutimia, kwenye familia ya watoto wengi ambao wengi wao hawakufika utu uzima. Afya yake ilikuwa mbovu kiasi kwamba masista aliowaomba kujiunga nao walimkataa. Akafundisha shule, akapelekwa kwenye nyumba ya yatima Codogno iliyokuwa imeharibika kiuongozi, na ilipofungwa akaanzisha shirika lake hapo hapo Codogno mwaka 1880, Wamisionari wa Moyo Mtakatifu wa Yesu. Yeye moyo wake wote ulikuwa China. Tangu mtoto alikuwa anatengeneza viboti vya karatasi, anaweka maua ndani anayasukuma mtoni, anasema hao ni wamisionari wanaenda China, na siku moja akatumbukia kwenye maji hayo hayo, akabaki na hofu ya maji maisha yote. Papa Leo wa 13 ndiye aliyemgeuza, akamwambia aende magharibi sio mashariki. Hicho kwenye filamu kipo na ni kweli.

Alifika New York 31 Machi 1889 na wenzake sita. Nyumba waliyoahidiwa haikuwepo. Usiku wa kwanza walilala, au niseme walikesha, kwenye chumba cha kupanga kichafu chenye wadudu kiasi kwamba hawakuthubutu kulala kitandani, wakakaa wanasali mpaka kukakucha. Kesho yake Askofu Mkuu Corrigan akamwambia ni bora arudi Italia, na yeye akajibu kwamba Papa ndiye aliyemtuma na barua anazo, anabaki. Hilo sio chumvi ya sinema.

Vya kutungwa sasa. Yule Meya Gould anayeigizwa na John Lithgow hajawahi kuwepo. Meya halisi wa New York mwaka ule aliitwa Hugh Grant na alikuwa Mkatoliki mwenye asili ya Ireland, ambapo mimi naona ukweli ungekuwa mtamu zaidi ya walichotunga, maana ugumu mwingi Waitaliano waliupata kwa Wakatoliki wenzao na sio kwa wapagani. Vittoria nae ni mhusika wa kutungwa, lakini mabinti wa namna yake walikuwepo wengi tu. Na ile ya daktari kumpa miaka michache, kiini chake ni kweli kwamba alikuwa mgonjwa miaka yote, ila alidumu mpaka 22 Desemba 1917, akafia Chicago kwenye hospitali aliyoianzisha mwenyewe, ana miaka 67. Na taasisi alizoacha zinahesabiwa 67, shule, hospitali, nyumba za yatima, Marekani ya kaskazini na kusini na Ulaya.

Kwahiyo kwa Paroko sema hivi: mhimili wa stori ni wa kweli, adui wa kwenye filamu ndiye wa kutungwa.


GunguKwetu alijibu:

Lugha hiyo isikutishe dada. Maandishi ya chini hayatasaidia, yanakimbia, kina mama wengi watabaki wanaangalia picha tu. Weka mtu na maiki, asimulie kwa Kiswahili sauti ikipunguzwa, kama wanavofanya kwenye vibanda umiza, watu wa huku wamezoea hiyo kitu toka zamani. Ila msimuliaji awe ameiangalia kabla, tena aiangalie mara ya pili akiandika, asije akatunga yake. Na gawa vipande viwili na mapumziko katikati, masaa mawili na nusu kwenye benchi la mbao wazee wataondoka.

Kingine msichukue ya kwenye fleshi ya mtaani. Ni shughuli ya parokia, waandikieni wasambazaji, Angel Studios, muombe ruhusa ya kuonyesha kwa umma.


KatekistaMstaafu alijibu:

Wanangu salaam. Mimi ndo nafanana na huyo mzee wa kamati yako, na naomba nisikilizwe kwa utulivu kwa sababu sisemi kwa kuwaonea wivu vijana.

Nimeiangalia hiyo filamu kwa mwanangu Dar. Imetengenezwa vizuri, picha nzuri, yule mama anasimama imara. Lakini nilipomaliza nilijiuliza kama mtu asiye Mkristo ataelewa huyu mama nguvu alizitoa wapi. Filamu inaonyesha ni mtu jasiri, ana akili, hakubali kushindwa. Sawa, hayo yote alikuwa nayo, ila majasiri ni wengi duniani na hatuwaweki altareni. Maneno aliyoyachagua yawe dira yake ni ya Mtakatifu Paulo kwa Wafilipi, nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu. Mtu aliyetumbukia mtoni utotoni na kuogopa maji namna ile akavuka Atlantiki zaidi ya mara 20 kwa meli za zamani zile. Nyie watu wa ziwa mnajua upepo ukibadilika usiku watu wanavyoshika rozari ndani ya boti. Yeye alikuwa anapanda anajua anaogopa, na anapanda. Hicho ndicho nilitaka nikione kwenye filamu na sikukiona vya kutosha, nimeona zaidi mtu anayebishana ofisini.

Sisemi msiionyeshe. Nasema asitangulie msimuliaji wa filamu, atangulie mtu wa kuwaeleza Moyo Mtakatifu ni nini kwa huyu mama, dakika chache tu, na muabudu Ekaristi kidogo kabla ya kuwasha hiyo projekta. Alikuwa mtu wa kupiga magoti masaa mengi mbele ya Ekaristi, afu ndo anatoka kwenda kununua jengo.

Na kuhusu danguro, mama huyo ana haki ya kuuliza. Kule Marekani wameipanga ni ya kuanzia miaka 13 wazazi wakiwa karibu. Watoto wa Utoto Mtakatifu wasiwepo, basi.


BintiKatubuka aliandika:

Shikamoo baba Katekista. Nimekusoma mara mbili na nakubaliana na wewe kuabudu kutangulie, hilo naliandika kwenye mpango kabisa.

Ila niseme kimoja kwa heshima. Mimi kama binti, ule ubishi wake nimeuona ni sehemu ya sala yake. Mbele ya Papa anapiga magoti kweli kweli, hajifanyishi, na mbele ya anayemzuia kulisha watoto hapigi. Mabinti wa kwetu tumelelewa kunyamaza hata pale ambapo kunyamaza kunaumiza mtu mwingine, kuna mabinti kumi na tano, kumi na sita wanatolewa vijijini wanaletwa mjini kufanya kazi za ndani na hamna anayeuliza wanalala wapi. Wakimuona sista anauliza kwa sauti, mimi sioni ubaya.


MwalimuKasulu alijibu:

Katekista nimekuelewa sana, na mimi naongeza kitu ambacho filamu imekipitia juu juu ila kinaunganisha sala na kazi.

Yule mama alijua hela. Alijua bei ya ardhi, alijua mkataba. Kule West Park kwenye mto Hudson alinunua eneo kubwa la Wajesuiti kwa sababu walikuwa wanaliuza rahisi kwa shida ya maji, yeye akaanzisha utafutaji wa maji palepale mpaka chemchemi ikapatikana na nyumba ya yatima ikahamia huko. Chicago aliponunua hoteli aigeuze hospitali alisikia wauzaji wanataka kumega kipande cha kiwanja, akatoka alfajiri na masista na kamba, wakapima mipaka ya kiwanja wenyewe kwa mikono, wakaigundua ile hila. Masista na kanzu zao asubuhi baridi wanavuta kamba kwenye mtaa wa matajiri! Hicho kipande mimi ningekiweka kwenye filamu kabla ya meya wa kutunga.

Na hospitali ya New York ya 1892 aliiita Columbus kwa makusudi. Ilikuwa miaka 400 tangu Columbus afike Amerika, Wamarekani wote wanasherehekea, na Columbus ni Mtaliano, kwahiyo jina moja likawapa Waitaliano heshima na Wamarekani wakashindwa kulikataa. Huyo ni mtu anayefikiri.

Nimtetee kidogo na Askofu Mkuu Corrigan kwa sababu kwenye filamu watazamaji watamchukia. Jimbo lake lilikuwa la mapadre wa Ireland na hela za Wairishi, na kulikuwa na ugomvi wa kweli kuhusu nyumba ya yatima iwe wapi, yeye na mama mfadhili mwenye cheo, Countess Cesnola, hawakuelewana hata kabla masista hawajashuka melini. Waitaliano walikuwa wanasalishwa kwenye vyumba vya chini ya kanisa, ghorofa ya chini kabisa, wenzao wako juu. Fikirini hilo, Misa moja, kanisa moja, ila wewe unapitia mlango wa chini. Afu wanaitwa hawana imani kwa sababu hawaji kanisani! Sasa Corrigan alikuta hali hiyo, hakuianzisha yeye, na badae alimsaidia huyu mama, hata West Park alihusika kumuonyesha. Msimuliaji wenu aliseme hilo.

Halafu kuna kitu ambacho hakimo na kinatakiwa kijulikane. Machi 1891 kule New Orleans kundi la watu lilivamia gereza likaua Waitaliano 11, baada ya mkuu wa polisi kuuawa na baraza la wazee wa mahakama kushindwa kuwatia hatiani wale walioshtakiwa. Mwaka uliofuata Mama Cabrini akapeleka masista wake huko huko New Orleans wakafungua shule na nyumba ya yatima. Alienda kule ambako watu wake walikuwa wanaogopwa na kuchukiwa kuliko kwingine kote.


MtotoWaMakere alijibu:

Habari zenu. Mimi nimezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wazazi wangu ni Wabembe wa Fizi kule Kongo, walivuka ziwa kwenye ile vita ya 1996, mwaka ule ule kambi ilipofunguliwa. Sasa hivi niko nje nasoma. Nimesoma uzi wote na nimeona niseme.

Ile filamu inaanza na mtoto anasukuma mkokoteni, ndani kuna mama yake anakufa, anazunguka New York anaomba msaada kwa Kiitaliano na hamna anayemuelewa, hospitali inawafukuza. Pale mimi nilisimamisha filamu nikatoka nje kwanza. Bibi yangu alikuwa anaongea Kibembe tu, Kiswahili kidogo sana cha sokoni. Alipougua akapewa rufaa ya kwenda hospitali ya nje ya kambi, mimi ndo nilikuwa mtafsiri wake, niko darasa la tano. Daktari alikuwa mtu mzuri, sitaki mnielewe vibaya, ila alikuwa anauliza vitu vya uzazi, vya damu, na mimi ndo natakiwa nimuulize bibi yangu. Bibi akavuta kitenge akafunika uso wote, akawa ananijibu akiwa ndani ya kitenge. Nilikuwa nasikia sauti tu. Mpaka leo nikiona mtoto anamtafsiria mtu mzima hospitalini nasogea nauliza kama naweza kusaidia.

Kwahiyo kuna mtu akiniambia ile filamu imetiwa chumvi namwambia aangalie tena dakika tano za mwanzo. Na ndo maana hospitali ya yule mama ilikuwa na maana, ni sehemu ambayo mgonjwa anamkuta mtu anayejua lugha yake.

Ila dada BintiKatubuka nina ombi. Mkiionyesha msiwaalike wakimbizi wakae mbele ili watu wawaangalie na kuwahurumia. Tumeangaliwa sana. Kila mgeni anayekuja kambini anapiga picha. Kilichonifurahisha kwa Cabrini ni kwamba wale watoto hakuwakusanya awalishe basi, aliwapa kazi, walisafisha nyumba, walijifunza, yule Paolo, mtoto wa mkokoteni, alichukuliwa kama mtu anayeweza kuaminiwa. Na yeye mwenyewe alikuwa mhamiaji, Kiingereza anakivunja vunja na anaongea hivyo hivyo mbele ya wakubwa.

Na kama mnafikiria kuipeleka mpaka kambini, kumbukeni kuingia kunahitaji kibali cha serikali, Wizara ya Mambo ya Ndani, na mkimbizi nae hatoki bila kibali, kwahiyo msipange kirahisi kwamba watakuja mjini siku hiyo. Anzeni mapema kupitia Caritas au padre anayehudumia kule, wao wanajua njia.


MjukuuWaUjiji alijibu:

Waaleykum salaam dada, ahsante kwa kutukumbuka.

Mimi Muislamu, Mmanyema wa Ujiji. Niliiangalia na mke wangu ambae ni muuguzi, yeye ndo aliitafuta. Kwa kweli mimi sikuiona kama filamu ya Kanisa, niliona filamu ya watu waliofika mji wa watu wakaambiwa kaeni hukoo. Babu zetu Wamanyema walivuka ziwa kutoka Kongo, na leo ukisema Ujiji umesema sisi. Hamna anayetuuliza tulitoka lini. Lakini wanaoshuka leo kwenye boti kutoka upande ule ule tunawaangalia kwa jicho jingine, na hilo linaniuma kwa sababu ni ziwa hilo hilo na baadhi ni ukoo huo huo.

Mkituita tutakuja. Ombi langu ni dogo, tukija iwe filamu na mazungumzo, isije ikageuka kuwa mahubiri ya kututaka tubadili dini, kuabudu kwenu mfanye kanisani kabla afu sisi tukutane ukumbini. Najua hamna nia hiyo ila ni vizuri kusemwa mapema ili na wengine niwaambie waje.

Na muigizaji yule wa Papa, Giancarlo Giannini, mzee ana utulivu! Vipande vyake na Cabrini wameongea kidogo sana lakini mke wangu alivirudia vyote.


UlyankuluDamu alijibu:

Naandika kutoka Tabora. Kuna kitu hakijatajwa na kwetu sisi ndo kikubwa kuliko vyote.

Mama Cabrini alichukua uraia wa Marekani mwaka 1909, kule Seattle, akiwa ameishaishi na kuzunguka nchi ile miaka 20. Na alipotangazwa mtakatifu 7 Julai 1946 na Papa Pius wa 12 ndo akawa raia wa kwanza wa Marekani kuwa mtakatifu. Yani mtakatifu wa kwanza wa nchi ile kubwa ni mhamiaji aliyeambiwa siku ya pili tu rudi ulikotoka. Mwaka 1950 akatangazwa msimamizi wa wahamiaji wote.

Wazazi wangu ni Warundi wa 1972, walipewa ardhi Ulyankulu, wakafyeka pori la miombo, wakalima tumbaku na mahindi, wakalipa kodi, watoto wakasoma. Mimi nimezaliwa hapa, sijawahi kukanyaga Burundi hata siku moja, na nilikuwa naitwa mkimbizi shuleni mpaka nimemaliza kidato cha nne. Mwaka 2014 serikali ilipotoa uraia kwa watu wetu, zaidi ya 162,000, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, baba alipokea cheti chake akakaa nacho kwenye kiti cha nje mpaka giza linaingia, hakutaka mtu akiguse. Alikuja kukitia kwenye bahasha ya plastiki, mpaka leo hakitoi mpaka anawe mikono. Tanzania imefanya jambo ambalo nchi nyingi kubwa hazijafanya na sisi tunalijua, tunalisema kila siku.

Kwenye filamu kipande cha yeye kuwa raia sikukiona kikipewa nafasi. Msimuliaji akiweza amalizie na hicho, ataje na 1909.

Na kama mtahitaji baraka za juu, Kardinali wetu Rugambwa aliwahi kuwa askofu wa Kigoma hapo kwenu kabla ya kuletwa huku Tabora, mkoa huo na wageni wake anaujua.


GunguKwetu alijibu:

Huyu MtotoWaMakere ndo awe msimuliaji. Anaijua filamu, anajua na hali yenyewe. Nimesema tu.


MtotoWaMakere alijibu:

Kama likizo itaangukia Novemba naweza kuja. Ila nisimulie na mtu wa pili, dada mmoja awe anasema maneno ya Cabrini na mimi niseme ya wengine, sauti ya mwanaume peke yake haitamtendea haki yule mama. Na ile ya mwanzo, mtoto na mkokoteni, naomba tusiitafsiri. Tuache Kiitaliano hivyo hivyo, watu wakae nacho bila kuelewa.


KatekistaMstaafu alijibu:

Hilo la kutotafsiri mwanzo nimelipenda mwanangu, liacheni hivyo.

Na ndugu yangu wa Ujiji yuko sahihi, ibada kanisani, filamu ukumbini. Mimi nitakuja kuongea dakika kumi kanisani kama Paroko ataruhusu, nina kitabu chenye barua zake alizowaandikia masista akiwa njiani baharini, nitasoma mbili tatu nikizitafsiri mwenyewe.


BintiKatubuka aliandika:

Wakuu sikutegemea kupata yote haya. MtotoWaMakere, ile ya bibi na kitenge nimemsomea mama yangu, amenyamaza muda mrefu afu akaniuliza hiyo filamu ni lini.

Nimempelekea Paroko jana jioni, nimemchapia ya Mwalimu yote na ya kaka wa Ulyankulu. Amekubali ila amesema hivi: kuanzia miaka 13, ibada iishe saa nane mchana ili wageni wetu wa dini nyingine waanze na sisi ukumbini saa tisa, na wakimbizi waalikwe kupitia Caritas kama watazamaji wa kawaida, wakae popote wanapotaka, hamna viti maalum. Barua ya kuomba ruhusa kwa wasambazaji naiandika leo, Mwalimu nitakutumia uipitie Kiingereza chake. Sauti ya Cabrini nimemuomba dada mmoja wa kwaya, nae amekubali ila anataka aiangalie kwanza peke yake.

Kilichobaki ni projekta, ya parokia taa yake imefifia na mchana haitaonekana. Mwenye nayo Mwanga au Gungu anayeweza kutukodishia au hata kutuazima siku hiyo naomba anicheki. Na mapazia mazito, madirisha ya ukumbi ni makubwa na jua la saa tisa linapiga moja kwa moja ukutani.


MjukuuWaUjiji alijibu:

Mapazia achana nayo, nina maturubai meusi ya dukani, nitaleta asubuhi na vijana wawili wa kuyafunga.